Kalamu, Kinasa Sauti na Kompyuta Katika Nchi ya Rungwe

Mwaka 1939 jarida la Bantu Studies, lililokuwa likichapishwa Afrika Kusini, lilitoa makala ya Bwana Godfrey Wilson juu ya desturi za mazishi za Wanyakyusa. Bwana huyo alikuwa amekaa katika wilaya ya Rungwe tangu mwaka 1934, akihudhuria matanga kila yalipotokea, na katika makala yake alieleza jambo linalomshangaza mgeni yeyote. Msibani mambo mengi hutendeka kwa wakati mmoja. Wanawake wamekusanyika kwa marehemu, wanalia kwa sauti zinazopanda na kushuka. Uani wanaume wameketi makundi makundi wakizungumza habari za ng'ombe na za mashauri. Na katikati ya uwanja vijana wanacheza ngoma ya vita wameshika mikuki. Huyu analia, huyu anacheza, yule anacheka na rika lake. Wenyeji walipoulizwa walijibu kwamba ngoma yenyewe ndiyo maombolezo, wala hawakuona kinyume chochote ndani yake.

Sasa mtu mwenye penseli moja na daftari moja atayaandika vipi mambo hayo? Akiandika kilio, ngoma inampita. Akitazama ngoma, maneno ya wazee yanapotea. Jicho ni moja, mkono ni mmoja, na mstari wa maandishi huenda mbele neno moja baada ya jingine, ilhali matanga hayaendi hivyo. Shida hii ndiyo asili ya vyombo vyote vinavyosimuliwa hapa chini, tangu nta ya Wajerumani hata programu za kompyuta za siku hizi. Na nchi ya Rungwe, kwa jinsi ilivyoandikwa mapema na kwa wingi, ni mahali pazuri pa kuipimia.

Kuandikwa kwa Rungwe kulianza na wamisionari. Mwaka 1891 Wamoraviani walijenga kituo chao cha kwanza chini ya mlima Rungwe, na mwaka huo huo watu wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaingia kutoka upande wa ziwa Nyasa. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kusikia. Kinyakyusa kina irabu saba, na herufi za Kilatini zina tano tu. Kwa hiyo hata kabla ya kuandika sentensi moja ilipasa kuamua ni alama gani itakayotenga sauti mbili ambazo sikio la Ulaya huzichanganya. Mwaka 1899 Carl Schumann alitoa sarufi ya lugha hiyo, ambayo wakati huo Wajerumani waliiita Kikonde, na mwaka 1914 Endemann akaongeza kitabu cha mazoezi. Mtu asidhani kwamba vitabu hivyo viko mbali na habari za kompyuta. Kugeuza sauti kuwa alama, na kupotewa na kitu katika kugeuza huko, ni kazi ile ile.

Chombo cha kuishika sauti yenyewe kilikuwa kimekwisha kuvumbuliwa. Mwaka 1900 mjini Berlin ilianzishwa hazina ya sauti zilizonaswa kwenye silinda za nta, na mwaka 1906 Dakta Karl Weule wa Leipzig alifika pande za Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu pamoja na mashine ya kupigia picha zinazokwenda. Silinda moja ilichukua dakika chache tu, na mwimbaji alilazimika kuimba akiielekea pembe ya mashine, asigeuze kichwa. Weule hakufika Rungwe. Hata hivyo safari yake yafaa ikumbukwe, kwa kuwa ndipo katika nchi hii mtafiti alipoanza kuondoka na sauti ya mtu ndani ya sanduku, badala ya kuondoka na maneno yake tu.

Bwana Wilson na mkewe, Bibi Monica, ambaye kabla ya kuolewa mwaka 1935 aliitwa Monica Hunter, walifanya kazi kwa daftari na kamera. Wote wawili walikuwa wamepitia mafunzo ya Bronislaw Malinowski wa London, au walau kivuli chake, na fundisho kuu la mwalimu huyo lilikuwa kwamba maneno ya wenyeji yaandikwe kwa lugha ya wenyeji, kama yalivyotamkwa. Wakajifunza Kinyakyusa, wakakaa vijijini, wakajaza madaftari. Lakini hawakuyajaza peke yao. Walikuwa na makarani, na aliye mashuhuri miongoni mwao ni Leonard Mwaisumo, kijana aliyezaliwa mwaka 1910, aliyewaandikia habari na kuwafasiria. Alifariki mwaka 1938, mwaka ule ule ambao Bwana Wilson na mkewe waliiacha Rungwe. Bwana Wilson mwenyewe alikwenda Rhodesia ya Kaskazini kuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya Rhodes-Livingstone, akafa mwaka 1944. Madaftari yakabaki mikononi mwa mjane wake.

Yaliyofuata ni kazi ambayo wanafunzi wa leo, waliozoea kubonyeza kitufe, hawana budi kuitafakari. Kwa muda wa miaka zaidi ya 30 Bibi Monica aliyasoma madaftari yale na kuyapanga. Mwaka 1951 alitoa kitabu Good Company, juu ya vijiji vya marika; mwaka 1957 kikafuata kingine juu ya ibada za ukoo; mwaka 1959 cha tatu, juu ya ibada za jamii nzima; na mwaka 1977 cha nne, juu ya mabadiliko ya vizazi na ya wanaume na wanawake. Kati yake alirudi Rungwe mara moja, mwaka 1955. Tendo lenyewe, likitazamwa kwa utulivu, ni hili: kuchukua ukurasa uliojaa maneno ya mzee fulani, kuamua kwamba habari hii ni ya uchawi, ile ni ya urithi, ile nyingine ni ya malafyale na watu wake, kisha kuzikusanya zile za uchawi mahali pamoja hata fikira ianze kuonekana. Wataalamu wa siku hizi hulipa tendo hilo jina la usimbaji. Yeye alilifanya kwa mikono na kwa kumbukumbu ya mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Jina la kitabu cha kwanza lina siri yake. Wanyakyusa wana neno ukwangala, nalo ndilo Bibi Monica alilolifanya msingi wa maelezo yake yote: kukaa pamoja na wenzako wa rika moja, kula pamoja, kunywa, kuzungumza, kutaniana, na katika kuzungumza huko kupata akili na adabu. Vijiji vya marika, alisema, viliwekwa kwa ajili ya hayo. Basi ukwangala ni jambo la namna gani kwa mtafiti? Si habari anayoweza kusimuliwa kwa saa moja akaenda zake. Limo katika kicheko, katika jinsi mmoja anavyomkatiza mwenzake bila kumkosea, katika kimya kinachoingia mzee asiye wa rika hilo anapopita. Daftari laweza kusema kwamba watu walicheka; kicheko chenyewe hakimo.

Na hasara hiyo haikuwa ya urembo tu. Mwaka 1969 Bwana S. R. Charsley alitoa kitabu mjini Nairobi juu ya watawala wa Wanyakyusa, na mwaka 1973 Bwana Michael McKenny akaandika makala katika jarida la Africa. Wote wawili waliipima upya picha ya vijiji vya marika na kuzitilia shaka baadhi ya sehemu zake. Je, vijiji hivyo vilikuwa kweli kama vilivyoelezwa, au maelezo yalifuata mno namna wazee walivyopenda mambo yawe? Swali zito. Lakini wasomi hao walilazimika kupambana na maandishi kwa maandishi. Bibi Monica alikuwa mwadilifu katika hili kuliko wengi wa zama zake, kwa kuwa alichapisha mashauri na maelezo mengi ya watu nyuma ya vitabu vyake ili msomaji ajionee ushahidi. Hata hivyo alichokionyesha kilikuwa kimekwisha kupita katika kalamu. Hakuna aliyeweza kuirudia sauti ya mzee na kuamua kama alisema kwa yakini, au kwa mzaha, au kwa kumridhisha mgeni.

Vyombo vya kunasa vilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa nyimbo na ala. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam, na kanda za redio zikaanza kurundikana. Mwaka 1961 Jan Vansina alichapisha kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo, kikawapa wanahistoria wa Afrika ujasiri wa kuyatumia masimulizi ya wazee kama ushahidi, na mwaka 1963 kampuni ya Philips ikatoa kaseti ndogo ambayo mwanafunzi aliweza kuibeba mfukoni. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwatuma wanafunzi wake kukusanya habari za vita vya Maji Maji kwa wazee waliovikumbuka. Tangu hapo hakuna aliyeona ajabu mtafiti kufika kijijini na mashine.

Lakini kanda ilileta shida mpya, nayo ni wingi. Saa moja ya mazungumzo humchukua mwandishi hodari saa nne, tano, au zaidi kuinukuu. Na ikiwa ni mazungumzo ya watu sita wanaokatizana, kwa Kinyakyusa kilichochanganywa na Kiswahili, zaidi ya hapo. Kwa hiyo watafiti walinasa, wakanukuu, kisha wakaisahau kanda. Waliendelea kufanya kazi na karatasi kama Bibi Monica, tofauti ikiwa tu kwamba karatasi zao zilikuwa ndefu zaidi.

Kompyuta iliingia kwanza kuwasaidia watu wa karatasi. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha La Trobe mjini Melbourne, Tom Richards na mkewe Lyn walianza kuunda programu ya kupangia maandishi ya utafiti wa kimaelezo, yaani utafiti usiotegemea hesabu bali maneno na matendo ya watu. Humo ndimo ilimozaliwa baadaye NVivo. Mjini Berlin mradi wa chuo kikuu ulioanza mwaka 1989 ulizaa ATLAS.ti. Mambo yaliyofanywa na programu hizo za kwanza yalikuwa machache na yenye manufaa: mtafiti huchagua kifungu, hukipa jina, na siku nyingine akiliita jina hilo, vifungu vyote vilivyopewa jina hilo huja mbele yake pamoja na mahali vilikotoka. Miaka 30 ya Bibi Monica isingekuwa siku 30, kwa maana kufikiri hakufupishwi. Ila kutafutatafuta kungalipungua.

Hatua iliyo kubwa zaidi kwa nchi kama Rungwe ilikuja pale programu zilipojifunza kupokea sauti na picha zenyewe. Hapa yafaa kueleza kwa kinaganaga. Katika programu ya ELAN, iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne hii na Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, Uholanzi, na kutolewa bure, video huwekwa juu, na chini yake hunyooshwa mstari wa wakati. Chini ya mstari huo mtafiti hupanga matabaka, moja chini ya jingine, kama madari ya nyumba. Tabaka la kwanza laweza kuwa la maneno ya msemaji mmoja, la pili la msemaji mwingine, la tatu la mikono, la nne la tafsiri. Kila alama hufungwa kwenye sehemu yake ya wakati, hata kwa kipimo kilicho chini ya sekunde. Msomaji akibofya alama, anasikia na kuona kile kile kilichomfanya mwandishi aiweke.

Basi na arudi msibani. Kilio cha wanawake kina tabaka lake, ngoma ya vijana tabaka lake, mazungumzo ya wazee tabaka lake, na yote yanakwenda pamoja kwa saa moja, kama yalivyokwenda uwanjani. Anayetaka kujua kama vijana huanza kucheza kilio kinapopanda au kinapotulia hataitegemea kumbukumbu ya mtu, atatazama. Na akibisha mwingine, wote wawili watatazama tena. Ukwangala nao kwa mara ya kwanza wapata kuchunguzwa pale ulipo, katika kukatizana na katika kimya.

Tena si jambo dogo kwamba mwenye sauti aweza kuwapo wakati wa kazi. Mzee wa Masoko au wa Busokelo aweza kuketi mbele ya kompyuta ndogo, akajisikia, akasema kwamba hapa hakumaanisha hivyo. Daftari la mwaka 1934 halikumpa nafasi hiyo.

Hata hivyo wasifu wa programu hizi umezidishwa mno na wanaoziuza, na wanafunzi wengi hununua jina la programu ili kulitia katika sura ya tatu ya tasnifu. Kuandika kwamba data zilichambuliwa kwa NVivo ni sawa na kuandika kwamba shamba lililimwa kwa jembe. Bado hakijasemwa kilichopandwa. Programu haisimbi. Anayesimba ni mtu, na akiuita ukwangala kuwa ni mazungumzo tu, mashine itayakusanya mazungumzo kwa utii mkubwa, na kosa litaonekana lina mpango.

Kuna na shida ya lugha, ambayo watengenezaji wa programu hawaijui kwa kuwa kwao haimo. Kiingereza huyaacha maneno yake karibu yalivyo, na kutafuta neno ni kutafuta herufi zake. Kinyakyusa, kama Kiswahili, huvika neno viambishi mbele na nyuma. Mtafiti akiiamuru kompyuta imtafutie ukwangala, itampa ukwangala. Lakini tukwangala, yaani tunakaa kwa furaha, na bikwangala, yaani wanakaa, vitapita bila kuguswa, kwa sababu kwa mashine hayo ni maneno mengine. Afadhali atafute mzizi, na hata hivyo apitie kwa macho, maana mzizi nao hubadilika umbo nyakati za kitenzi. Waliolielewa jambo hili vizuri zaidi ni wanaisimu, mmoja wao Bastian Persohn, aliyechapisha mwaka 2017 kitabu kizima juu ya kitenzi cha Kinyakyusa.

Ubaya umezidi tangu zije mashine zinazonukuu zenyewe. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, inayosikiliza usemi na kuuandika, na Kiswahili kimo katika lugha zake. Kinyakyusa hakimo. Msemaji wa Tukuyu huanza sentensi kwa Kiswahili, akaingia Kinyakyusa pale jambo linapomgusa moyo, akarudi Kiswahili kumalizia; na mashine, ikifika pale katikati, hainyamazi. Huandika jambo linalofanana na Kiswahili, ambalo hakuna aliyelitamka, kwa irabu tano ilizozijua. Mmisionari wa mwaka 1899 alipotatizwa na irabu saba alijua kwamba ametatizwa. Hilo ndilo la kutisha: sehemu iliyo na uchungu au siri ndiyo itakayoharibiwa, na itaharibiwa kwa maandishi safi.

Baada ya hayo yaja mambo ya haki. Jina la mtu katika daftari hubadilishwa kwa urahisi; sauti yake na uso wake havibadilishwi bila kuharibu kile kile kinachochunguzwa. Mjane aliyenaswa akilia mbele ya maiti ya mumewe hulia milele katika faili hilo, na faili huweza kunakiliwa mara elfu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imelifanya jambo hili kuwa la kisheria na si la adabu peke yake. Anayeipeleka sauti ya mtu wa Rungwe kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo ili inukuliwe upesi ameitoa nchini, hata kama yeye mwenyewe hajainuka kitini Tukuyu.

Na vitu hivi hudumu muda gani? Madaftari ya Bwana Wilson na mkewe yamo katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger katika chuo hicho. Vitabu vya mkusanyo wa mambo ya Afrika viliungua kwa maelfu, pamoja na sehemu kubwa ya filamu. Nyaraka nyingi za mkono zilizokuwa ghorofa ya chini ziliepuka ndimi za moto, zikapatwa na maji ya kuzimia. Wakati ule ilikuwa rahisi kusema kwamba laiti yote yangaliwekwa katika kompyuta. Lakini daftari la penseli lililolowa huanikwa likasomeka, ilhali faili la programu iliyokwisha kufa halisomeki hata likiwa kavu. Mafaili ya matoleo ya kwanza ya programu hizi yamekwisha kuwa kitendawili, na ni mwaka 2019 tu ambapo watengenezaji walikubaliana juu ya namna moja ya kubadilishana kazi kati ya programu na programu. ELAN, kwa bahati, huandika alama zake kwa maandishi ya kawaida ambayo kompyuta yoyote huyafungua. Ila huziandika mbali na video. Video ikipotea, hubaki matabaka na nyakati, na maneno yanayoelekeza kwenye sauti isiyokuwapo.

Jalada la Good Company lina jina moja, la Monica Wilson. Habari za Leonard Mwaisumo na za wakalimani wengine zilikuja kupewa nafasi yao katika kitabu kilichohaririwa na Andrew Bank na Leslie Bank mwaka 2013, miaka 75 baada ya kufa kwake. Katika ELAN, mtafiti anapofungua tabaka jipya, programu humwuliza mambo machache: jina la tabaka, jina la anayesema, na jina la aliyeandika alama. Vijana wa Tukuyu na Kyela wanaolipwa kwa siku kunukuu Kinyakyusa cha wazee wao ndio wanaostahili kuandikwa katika nafasi hiyo ya mwisho. Programu haimlazimishi mtu kuijaza. Faili hufunguka vilevile ikiwa tupu.